Kikohozi Mlangoni

Saluni yangu iko Kihesa, Iringa, chumba kimoja tu, lakini ina vioo vitano. Wateja wananitania, wanasema hapa mtu hajui kama amekuja kusukwa au kupigwa picha ya paspoti pande zote. Nami nawajibu kwa jeuri, maana jeuri ndiyo biashara yangu ya pili: kama hutaki kuona kisogo chako, nenda kwa jirani, ana kioo kimoja na kimepasuka. Wanacheka, wanakaa, nasuka. Ukweli ni kwamba vioo vile si vyao, ni vyangu. Nikisimama nyuma ya kiti naona mlango, naona dirisha, naona hadi mgongo wangu mwenyewe. Hakuna anayeweza kuja nyuma yangu nisimwone, na huu mwaka wa sita hilo ndilo ninalolihakikisha kila asubuhi kabla sijanywa chai.

Nilibakwa. Naliandika neno lenyewe mapema kwa sababu nimelisikia likivalishwa nguo nyingi mno: alifanyiwa kitendo, alikosewa heshima, yalimkuta. Hayakunikuta kama mvua. Mtu alinifanyia, mwenye miguu na mikono na kikohozi chake.

Mimi ni Mhehe, nimezaliwa hapahapa Kihesa, nikaolewa na Mnyakyusa. Mume wangu alikuwa fundi wa magari Mbeya mjini, na chumba alichopanga kilikuwa cha mtu mmoja na mabegi yake, kwa hiyo mimi na binti yetu tulikaa kwao kijijini, milimani Rungwe, yeye akawa anakuja kila mwisho wa wiki. Walinipokea kwa utani. Wifi zangu walisema, "Huyu Mhehe akinuna ficheni kamba," kwa sababu sisi tunasemwa kwamba tukiudhiwa hatugombani, tunajinyonga. Nikawajibu kwamba Mnyakyusa hajinyongi kwa kuwa anajipenda mno. Tukaelewana siku hiyohiyo.

Nilichochelewa kukielewa ni habari ya wakwe. Kwenye ukoo ule mkamwana, yaani mke wa mtoto wao, haonani na baba mkwe. Siongelei ile heshima ya kuinamisha macho, hiyo hata kwetu ipo. Haonani naye kabisa. Humtazami usoni, humsemeshi, hukai naye chumba kimoja, na mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia migombani, unajifunika kanga kichwani na kumpa mgongo mpaka apite. Ndugu zake wote wa kiume nao ni baba mkwe vilevile. Vijana wengi siku hizi hawafuati, lakini ukoo ule ulifuata, na walikuwa wanaume wanne.

Sasa mtu utajuaje anakuja? Wanakohoa. Baba mkwe akikaribia nyumba anakohoa, nawe unapata muda wa kugeuka. Aliyenifundisha ni mke wa kaka yake mume wangu, niliyemwita dada, mwanamke mpole aliyeolewa pale miaka saba kabla yangu. Tulikuwa tunachambua maharage, kikohozi kikasikika, ananiambia huku tumeshageukia ukuta: "Huyu wa mara mbili, kikavu, ni baba mkubwa. Anayeanza kwa kusafisha koo ni baba mwenyewe. Mwenye kifua cha tumbaku ni yule wa bondeni. Na huyu wa mara moja, kifupi, kama mtu anagonga mlango, ni baba mdogo." Ndani ya mwezi nilivijua vyote. Ningekuwa nimelala ungeniuliza nani amepita, ningekujibu bila kufungua macho.

Msidhani nilionewa. Niliipenda ile desturi, na nasema hivyo nikijua inavyosikika sasa. Binti yangu alipougua homa, baba mkwe mwenyewe alitembea kwenye mvua hadi duka la dawa, akaweka mfuko wa dawa kizingitini, akakohoa, akaondoka. Nilitoka nikaziona nyayo za mabuti yake kwenye tope. Miaka minne sikumwona uso, lakini nilimpenda kama baba yangu.

Siku yenyewe ilikuwa saa sita mchana. Mama mkwe alikuwa amekwenda kanisani kwenye kikundi cha akina mama, akamchukua mjukuu wake. Dada alikuwa shambani. Mimi niko jikoni, jiko la nje lenye ukuta wa tofali, namenya ndizi. Kikasikika kikohozi, mara moja, kifupi. Baba mdogo.

Nikaweka kisu chini. Nimepigana na mambo mengi ya siku ile, lakini hilo ndilo ninalopigana nalo zaidi. Niliweka kisu chini kwa sababu si adabu kushika kisu mkweo anapopita. Nikasimama, nikavuta kanga kichwani, nikageukia ukuta, nikasubiri nyayo zipite. Hazikupita.

Kanga niliyojifunika kwa heshima yake akaikaza shingoni mwangu kwa nyuma. Akanigonga uso ukutani mara tatu, ya tatu jino la mbele likavunjika, nikalimeza. Mkono wake ulipopita karibu na mdomo niliuuma. Niliuma hadi meno yakakutana na kitu kigumu, naye akanipiga ngumi ya sikio, nikaanguka kwenye maganda ya ndizi. Alifanya alichokuja kufanya. Sitaeleza zaidi ya hapo. Wote walionitaka nieleze zaidi ya hapo walikuwa na njaa yao wenyewe.

Hakutamka neno. Alipomaliza akatoka, na alipofika mlangoni akakohoa tena, kama desturi inavyotaka. Na mimi pale chini, damu mdomoni, nikageuza uso ukutani.

Mama mkwe ndiye aliyenikuta. Hakuuliza kitu. Alichemsha maji sufuria kubwa, akaniogesha mwenyewe kama anavyoogeshwa mzazi, akanikanda mgongo, akanivalisha kitenge chake cha kanisani. Nguo zangu alizifua kwa sabuni ya mche mara mbili, akazianika. Alikuwa analia muda wote. Daktari aliponiuliza baadaye kama nilioga, nilijibu ndiyo, nikaona kalamu yake inasimama. Kila ushahidi uliokuwa mwilini mwangu mama yule aliuondoa kwa upendo, na sijaweza kumchukia kwa maji yale, maana yalikuwa ndiyo kitu pekee chenye joto siku ile.

Mume wangu alifika kesho yake kutoka Mbeya. Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda na mikono yake yenye grisi magotini, kisha akauliza, "Ulimwona?"

Nikamwambia nilisikia kikohozi.

"Nakuuliza, ulimwona?"

"Kwenu mmenikataza kumwona."

Akajifuta mikono kwenye suruali. Kisha akasema jambo lile halisemwi hivihivi, linahitaji uhakika, huyo ni baba yake mdogo, ndiye aliyemsomesha. Hapo ndipo nilipojua hatari yangu iko wapi. Mtu alikuwa amenichagulia mahali ambapo siwezi kumtaja. Kama mkwe hamsogelei mkamwana, basi haiwezekani alimsogelea. Kama mkamwana hamtazami mkwe, basi hakumwona. Ukitoka huku unaingia kule. Nisingeaminiwa siku ile, nisingeaminiwa tena maishani, na yeye angeendelea kukohoa mlangoni kwangu mpaka nizeeke.

Wakaitisha kikao cha ukoo Jumapili. Kesi yangu, mwili wangu, jino langu, na mimi sikuruhusiwa kukaa sebuleni, kwa sababu baba wakwe wote wanne walikuwemo. Nilikaa jikoni, nyuma ya ukuta uleule, dada kando yangu, tunasikia kila kitu kupitia dirishani. Mama mkwe ndiye aliyekuwa anabeba maneno. Anakuja jikoni namwambia, anakwenda sebuleni anawaambia.

Mara ya kwanza nikamwambia, "Waambie baba mdogo amenibaka." Akaenda. Nikamsikia anasema, "Anasema alikosewa heshima."

Akarudi. Nikamwambia, "Mama, sema nililosema." Akanishika shavu, akaenda. Nikamsikia: "Anasema kulitokea kusukumana."

Baba mdogo akaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeongelea mbolea. Alisema siku hiyo alikuwa safarini, Igowole kwa rafiki yake, kununua mbegu za viazi. Mtu mmoja akamuuliza mkono umefanya nini. Akasema ameumwa na mbwa. Wakaamua. Kama kweli kuna kugusana kulikotokea kati ya mkwe na mkamwana, basi kuna uchafu umeingia ndani ya nyumba, na ng'ombe atachinjwa ili mkamwana asafishwe. Mkamwana. Mimi ndiye nisafishwe, niliyekwisha kuogeshwa hadi ngozi ikawaka.

Nilisimama. Dada akanishika sketi, akasema kwa sauti ndogo, "Usiende, utatuharibia." Kinuni mlikuwa na mchi. Nikauchukua. Sikupanga, mkono tu uliuona. Nikatoka jikoni, nikakata uwanja, nikasukuma mlango wa sebule, nikaingia kwenye chumba chenye wanaume kumi na moja.

Na yeye akakohoa. Mara moja, kifupi.

Mwili wangu ukageuka. Nawaambia bila aibu, ukageuka wenyewe, mkono wa kushoto ukaenda kutafuta kanga kichwani, uso ukaelekea ukutani, na nikauona ule ukuta tena, rangi ya kijani iliyobanduka na kalenda ya kanisa. Alijua ningegeuka. Alikuwa ananiamuru kama mtu anavyoamuru ng'ombe, na ng'ombe alikuwa ametii. Nilikaa hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha nikapiga ile meza ya kioo kwa mchi, kwa nguvu zangu zote, vikombe vikaruka, chai ikamwagika mapajani kwa watu, wote wakasimama. Nikageukia kikohozi kilikotoka: yeye peke yake alibaki amekaa. Nikamtazama usoni.

Miaka minne nilikuwa nimejitengenezea sura yake kwa hofu na heshima. Baada ya siku ile jikoni nilijitengenezea nyingine, ya mnyama. Zote zilikuwa uongo. Alikuwa na paji la uso pana, nyusi zilizokaribia kukutana, na kidoa kidogo cheusi chini ya jicho la kulia. Alikuwa na uso wa binti yangu. Kila asubuhi nilikuwa nauosha uso ule kwa kitambaa, naupaka mafuta, naubusu. Damu yao ilikuwa imempa mwanangu sura ya huyu, na mimi sikujua, kwa sababu sikuwahi kumwona.

Nikasema, "Mbwa aliyekuuma ni mimi. Nipe huo mkono uone kama meno hayataingia kwenye matundu yake. Jino moja halitaingia, ulilivunja mwenyewe ukutani."

Mtu akaninyang'anya mchi. Mtu mwingine, mume wangu, akaniambia nimeiaibisha nyumba. Na hapo, kutoka jikoni, kupitia dirisha lile lililokuwa likituletea maneno yao, ikasikika sauti ya dada. Wanaume wale walikuwa hawajawahi kuisikia kwa miaka kumi na moja, maana mkamwana hapazi sauti wakwe wakiwa karibu. Alisema, "Hata mimi."

Kisha akarudia, kwa nguvu zaidi, akataja msimu na akataja mahali, nyuma ya zizi, kabla mimi sijaolewa pale. Alisema naye aliweka jembe chini.

Tulikwenda polisi wawili, tumeshikana mikono kama watoto wa shule. Tukachukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tukaenda hospitali, tukarudi, tukasubiri miezi kwa miezi. Kesi ilisikilizwa chumba kilichofungwa, na wakili wake akaniuliza swali lilelile, ulimwona, ulimwona, ulimwonaje mtu aliyekuwa nyuma yako. Nikamjibu kwamba kazi yangu kwa miaka minne ilikuwa kumjua mtu yule bila kumwona, nikaifanya vizuri kuliko yeye anavyofanya ya kwake. Hakimu akaniambia nijibu swali tu. Dada akajibu la kwake. Alama za meno zikajibu lao. Rafiki wa Igowole alipoitwa hakutokea. Baba mdogo akafungwa. Mama mkwe alitembea nami hadi kituo cha basi, akanibebea begi. Mume wangu hakuja.

Watu wanadhani hukumu ndiyo mwisho, wanakupa pole ya mwisho na wali. Ah wapi. Hukumu ni ya yule aliyefanya. Wewe mwenyewe mambo ndiyo kwanza yanaanza. Ndani ya basi la kurudi Iringa mzee mmoja kiti cha nyuma alikohoa, mafua yake ya halali kabisa, na mimi nikajikuta nimeinamisha kichwa mpaka magotini na nimejikojolea. Nilishuka Nyololo na mtoto mgongoni, mbali na nyumbani, kwa sababu sikuweza kukaa mbele ya kifua cha yule mzee hata dakika moja zaidi. Tulikaa kibandani kwa mama anayeuza mahindi ya kuchoma. Aliniazima kitenge, hakuniuliza. Mungu amlipe popote alipo.

Na kanisani, hapa Kihesa, katikati ya misa, mtu alikohoa nyuma yangu mara moja, kifupi. Nilimgeukia nikampiga na kitabu cha nyimbo, nikampiga tena, nikavunja miwani yake. Alikuwa mwalimu mstaafu. Alisema tu, "Mwanangu, kaa, kaa," huku damu inamtoka puani. Nililia kwa aibu wiki nzima. Mpaka leo akija saluni kumleta mjukuu wake anasimama mlangoni, hakohoi, anasema jina lake na anasubiri nimwambie apite.

Mwaka ule wa kwanza mama yangu alificha kamba ya mbuzi. Aliificha kweli, si kwa utani, na mkanda wa begi akauondoa, na chupa ya dawa ya mifugo akaipeleka kwa jirani. Mbuzi akawa anazurura anakula mboga za watu. Niligundua siku nimekwenda kuitafuta kamba ile, na sitasema nilikuwa naitafutia nini. Mama akanikuta zizini, akanishika masikio kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto mtukutu, akasema, "Hasira zako zipeleke kwa watu, usijiletee mwenyewe." Ndiyo maana nina mdomo mchafu hivi. Ni dawa niliyoandikiwa na mama.

Dada aliachika. Yuko Mbeya, anauza mchele, tunapigiana simu Jumapili. Hatusemi sana. Wakati mwingine anauliza, "Umelala?" Namwambia, "Nimelala." Basi.

Binti yangu sasa ana miaka tisa. Uso umekomaa, paji limekuwa pana zaidi, nyusi zinakaribia kukutana. Ana akili, ana utani wa kwao na ubishi wa kwetu. Kila Jumamosi wateja wakiisha namkalisha kitini namsuka kwa ajili ya shule, twende kilioni tu, mistari minyoofu. Na mimi nilijidanganya kwamba hajui. Kwamba mtoto haoni.

Jumamosi moja tumo wawili tu, nachora njia kwa kitana. Kisha akasema, "Mama, nikuulize?"

"Uliza."

"Wateja wote unawatazama kwenye kioo unaongea nao. Mimi ukinisuka unatazama nywele tu. Na nyumbani pia. Nikikuangalia unageuka."

Nilitaka kumjibu jeuri. Jeuri haikuja. Niliinua macho nikatazama kioo, na vioo vile vitano nilivyovitundika nisije nikavamiwa na mtu vilikuwa vimejaa uso ule, mbele, kushoto, kulia, na kila mahali ulikuwa unanisubiri. Miaka sita nilikuwa nimemfanyia mwanangu kile nilichofundishwa kumfanyia baba mdogo. Nilikuwa nampa mgongo.

"Nimekosa nini?" akauliza.

Nikaweka kitana chini. Nikazungusha kile kiti mpaka akawa ameelekea kwangu, magoti yake yakagusa tumbo langu, nikainama hadi macho yangu yakawa sawa na yake. Nilianza na kile kidoa chini ya jicho. Nikakitazama mpaka kikawa cha kwake. Nilimwambia hajakosa kitu, ni mimi niliyekuwa na ugonjwa wa shingo.

Akanitazama kwa mashaka. Akasema, "Sasa utanisukaje ukiwa mbele?"

"Vibaya," nikamwambia. "Kaa hivyohivyo."

Nikasuka nikiwa mbele yake. Mistari ilikwenda upogo, Jumatatu mwalimu wake akamuuliza nani kamsuka.